Utakubali Upasuliwe na Daktari wa Kwenye Skrini?

HIVI msomaji wangu, ungekubali upasuliwe tumbo na daktari aliyejifunzia kwenye kompyuta? Usicheke. Mwaka 2020, korona ilipobisha hodi Marekani, swali hilo liliwanyima usingizi wakubwa wa hospitali za kule.

Mwenzenu nimeishia kidato cha nne, udaktari nausikia kwa watu tu. Lakini hili nimelifuatilia, maana siku moja yatakuwa ni matumbo yetu.

Kule ukimaliza chuo cha udaktari bado hujaiva. Unaingia hospitalini kusomea ubingwa miaka mitatu hadi saba, na wanakuita "mkazi". Jina hilo halikuokotwa. Mtindo huu ulishika mizizi katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, iliyofunguliwa mwaka 1889, na vijana hao walikuwa wanalala humo humo. Siku hizi wanalala kwao, ila wanaruhusiwa kupiga kazi mpaka saa 80 kwa wiki! Wewe saa 45 tu unanung'unika.

Basi korona ikaja, mkazi akaambiwa asikusanyike na wenzake. Darasa la kukaa bega kwa bega mkijadili mgonjwa likahamia kwenye skrini, kila mtu na chai yake. Wagonjwa wengine nao wakatibiwa kwa video: mgonjwa kwake, kijana kwake, bosi wake kwake, wote watatu wanaongea. Hata usaili wa kuomba nafasi za ubingwa ukawa wa video, nauli za ndege zikabaki mfukoni.

Mpaka hapo safi. Somo la mdomo linapita kwenye waya bila kumwagika.

Kasheshe ni mikono, jamani! Machi 2020 hospitali nyingi zilisimamisha operesheni zisizo za haraka. Sasa anayesomea upasuaji wa jumla alitakiwa awe ameshiriki operesheni 850 ndipo bodi impokee. Angezipata wapi? Wapo walioshona maganda ya ndizi nyumbani, mwalimu akiwaangalia kwa kamera. Lakini ndizi haitoi damu, bwana.

Bodi yao ikakubali upungufu wa asilimia 10, yaani 765. Mimi naona walitumia busara. Walihurumia vijana, lakini hawakusema eti saa za kwenye skrini zihesabiwe kama operesheni. Ushonaji hata wa cherehani unataka mtu wa kukushika mkono na kukwambia "hapo umevuta sana".

Tena kuna somo lingine ambalo halikuwa kwenye ratiba yoyote. Huko New York, siku zile za Aprili 2020, ndugu walizuiwa kuingia wodini. Mara nyingi ni daktari kijana, uso wote umefunikwa, aliyeshika simu mbele ya mgonjwa mahututi ili mama aagane na mwanawe. Skrini ilikuwepo, lakini bila mkono wa kuishika pale kitandani isingesaidia kitu.

Kwa hiyo siku ukiambiwa unakwenda kupasuliwa, usihangaike kama daktari alisomea darasani au kwenye skrini. Muulize kwa adabu: "Daktari, operesheni hii umeshaifanya mara ngapi?" Ni haki yako.

Haya, tukutane wiki ijayo.