Viwanda na Maji Salama Bonde la Ufa (2): Mfupa wa Ng'ombe, Jino la Mtoto

Wiki iliyopita tulieleza jinsi miamba ya volkano inavyoachia floraidi katika maji ya ardhini, kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Nakuru na Njoro. Tuliona kwamba maji ya kisima kirefu yanaweza kuwa maangavu, yasiyo na kijidudu hata kimoja, na bado yakadhuru. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na visima vingi vya eneo hili hukivuka. Mtoto aliyelelewa kwa maji ya aina hiyo huota meno ya ukubwani yenye madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi. Kiwango kikiwa kikubwa na miaka ikiwa mingi, mifupa na viungo hukakamaa.

Leo tutazame tiba, na nafasi ya kiwanda katika tiba hiyo.

Mama anayechemsha maji ya kunywa anaua vijidudu, lakini floraidi haiendi na mvuke. Maji yanapungua sufuriani, nayo floraidi inabaki ile ile, hivyo kila kikombe kinazidi kuwa kikali. Klorini nayo haiigusi. Ndiyo maana tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mpango wa ubora wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru uligeukia kitu ambacho vichinjio hukitupa: mifupa.

Mifupa hukusanywa, ikachomwa tanuruni kwa hewa kidogo mpaka nyama, mafuta na harufu viishe, kisha ikasagwa kuwa punje na kuoshwa. Punje hizo hujazwa katika ndoo ya nyumbani yenye bomba, au katika matangi makubwa ya shule na vioski vya maji. Mfupa ni kalisi na fosfati, na floraidi huvutwa na mchanganyiko huo. Kinachoifanya iingie katika jino la mtoto ndicho kinachoifanya inaswe na mfupa wa ng'ombe kabla maji hayajafika kikombeni.

Kazi hii ina ufundi wake. Mfupa usioiva tanuruni huyapa maji rangi na harufu mbaya, na ulioungua kupita kiasi hupoteza nguvu ya kunasa. Tena punje huchoka: baada ya kupitisha maji mengi hujaa floraidi, na mnywaji hawezi kujua kwa macho wala kwa ulimi. Ni lazima maji yapimwe, na punje zibadilishwe. Taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, Eawag, ilishirikiana na dayosisi kuboresha njia hii kwa kuongeza chembe za kalisi na fosfati ili kichujio kidumu zaidi. Wapo pia wanaouliza mfupa ni wa mnyama gani, na kwa Mwislamu au Mhindu swali hilo ni la haki. Mzalishaji anapaswa kulijibu waziwazi.

Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa kampuni ya kuzalisha na kuuza vichujio, Nakuru Defluoridation Company. Hapo ndipo penye funzo. Ndoo ya msaada hutolewa mara moja, lakini punje zinahitaji kubadilishwa tena na tena. Mradi wa hisani unaweza kugawa vichujio na kuondoka. Kiwanda kinachouza punje kina sababu ya kumrudia mteja, na mteja aliyelipa ana haki ya kudai. Kwa maskini, jambo la kupigania ni bei ya punje za pili na za tatu.

Na viwanda vikubwa je? Mashamba ya maua ya Naivasha na makampuni ya mji wa Nakuru hupenda kuchimbia wanakijiji kisima, kikafunguliwa kwa hotuba na kibao cha shukrani. Katika bonde hili, kisima kisichopimwa floraidi kinaweza kuwa zawadi yenye madhara ya miaka mingi. Ingefaa zaidi fedha hizo zigharimie upimaji, matangi ya mifupa shuleni, au mabomba ya kuleta maji ya mito yenye floraidi kidogo ili yachanganywe na ya visima.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma za maji ziko mikononi mwa kaunti. Kiwanda ni msaidizi tu. Hakiwezi kushika nafasi ya serikali. Basi, msomaji, ukialikwa kwenye ufunguzi wa kisima kijijini kwenu, kabla ya kupiga makofi uliza mambo mawili: kipimo cha floraidi ni kiasi gani, na nani atalipa punje zikichoka?

Wiki ijayo: maji ya mvua, na jinsi shule inavyoweza kuyahifadhi.