Mafunzo ya Wasaili wa Wakalimani wa Kiswahili: Tofauti kati ya Makubaliano na Usahihi

Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Kadiri nafasi za ukalimani zinavyotangazwa, ndivyo swali la nani anayepima umahiri wa waombaji, na kwa mizani gani, linavyozidi kuwa nyeti. Makala haya yanafafanua namna wasaili wanavyoweza kuandaliwa.

Chukulia msailiwa kutoka Burundi anayetamka *rugha* badala ya *lugha*. Msaili mmoja anampunguzia alama za matamshi pekee. Mwingine, akikerwa na lafudhi, anampunguzia pia alama za msamiati na za uaminifu wa ujumbe. Thorndike (1920) alionyesha kuwa picha ya jumla ambayo mpimaji anayo kuhusu mtu huelekea kutawala alama za sifa zake mahususi. Kwa njia hiyo, mtu hukosa kazi kwa kosa ambalo halikupotosha ujumbe wowote.

Kuwaonya wapimaji dhidi ya kasoro hiyo hakutoshi. Bernardin na Pence (1980) walibaini kuwa mafunzo ya namna hiyo yalipunguza kasoro, lakini yalishusha pia usahihi. Baadaye, Bernardin na Buckley (1981) walipendekeza mafunzo yanayowajengea wapimaji viwango vya pamoja.

Katika usaili wa wakalimani, mafunzo hayo huanza kwa kufafanua kila kigezo kwa mifano. *Rugha* inaeleweka; lakini *mahari* inapotamkwa mahali pa *mahali*, maana inaweza kupotea. Kisha wasaili husikiliza rekodi zilezile, kila mmoja hutoa alama peke yake kabla ya mjadala, na alama hizo hulinganishwa na za wataalamu pamoja na sababu zake. Zoezi hurudiwa mara kwa mara, kwa kuwa viwango husahaulika.

Hata hivyo, wataalamu hao wenyewe hawana budi kutoka maeneo mbalimbali ya Kiswahili. Wasaili watatu waliokulia katika lafudhi moja wanaweza kukubaliana kikamilifu, na wote wakawa wamekosea. Hivyo basi, makubaliano yao hayatoshi kuwa ushahidi kwamba msailiwa ametendewa haki.