Mama, Maumivu ya Chini ya Kitovu si ya Kuzoea

Tulipozunguka vikundi vya Kiminini, Kwanza, Chwele na Kimilili kuzungumza juu ya kuku wa kienyeji na akiba, kuna swali lililotufuata kila mahali. Halikuulizwa mkutanoni. Liliulizwa baada ya maombi ya kufunga, wanaume wakiwa wameshaenda kuangalia pikipiki zao, na mama akisimama karibu sana nasi kwa sauti ya chini: “Hii tumbo yangu ya chini itaniacha lini?”

Mmoja wao, mama wa watoto wanne, alikuwa ameumwa kwa miaka mitatu. Kila maumivu yakizidi alikwenda kwenye duka la dawa sokoni. Mara ya kwanza akaambiwa ni taifodi, akapewa dozi. Mara ya pili taifodi tena. Mara ya tatu amiba, mara ya nne ugonjwa wa mkojo. Katika safari hizo zote hakuna aliyemwambia apande kitandani apimwe. Alikuwa ameshauza kuku saba na gunia la mahindi, na nyumbani mzee ameanza kusema eti mama anajifanya mgonjwa wakati wa palizi ukifika.

Kukhu aliyekuwa akitusikiliza akasema, “Sisi sote tuliumwa hivyo, ukishazaa wa mwisho itaisha yenyewe.” Tunamheshimu kukhu, lakini hapo hatukubaliani naye.

Maumivu yakikaa chini ya kitovu, kwenye nyonga, kwa miezi sita au zaidi, yawe ya kila siku au ya kuja na kurudi, hayo ni maumivu ya muda mrefu na yanahitaji kutafutiwa chanzo. Shida ni kwamba mahali hapo panakaa vitu vingi: kizazi, mirija, kokwa za mayai, kibofu cha mkojo, utumbo mkubwa, misuli na neva. Ni kama nyumba moja yenye wapangaji wengi. Moshi ukitoka kwenye paa, hujui mara moja ni jiko la nani. Ndiyo maana mtu anayekisia akiwa nyuma ya kaunta hukosea mara nyingi.

VIJIDUDU VILIVYOPANDA JUU

Chanzo tunachokutana nacho sana ni maambukizi. Vijidudu vya kisonono na klamidia huanzia kwenye mlango wa kizazi na visipotibiwa hupanda mpaka kwenye kizazi na mirija. Klamidia ni mjanja, kwa maana wengi walio nayo hawasikii lolote kwa miezi mingi. Vijidudu vingine huingia baada ya kujifungua mahali pasipo safi au mimba ikiharibika. Mama huumwa tumbo, hutoka uchafu wenye harufu, huumia wakati wa tendo la ndoa na pengine hupata homa.

Matibabu yapo. Kwa kawaida ni sindano pamoja na vidonge vya aina mbili vinavyomezwa kwa siku 14. Siku 14, mama, wala si siku nne mpaka uchungu upungue halafu vilivyobaki umwekee jirani. Na wazee wetu tuwaambie wazi: baba naye atibiwe wakati uleule, hata kama haumwi popote, na wasikutane kimwili mpaka wote wawili wamalize. Tumeona mama akitibiwa vizuri akarudi nyumbani, na baada ya mwezi mmoja yuko palepale alipoanzia, kwa sababu baba alisema zahanati ni ya wanawake.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Dawa huua vijidudu, lakini haiondoi kovu. Maambukizi yakikaa sana, mirija, utumbo na kizazi huweza kushikamana kwa makovu. Vijidudu vimekwisha, ila kovu linavuta kila mama anapoinama kupalilia, anapobeba maji au anapokutana na mumewe. Dozi ya tano ya dawa ya vijidudu haitamsaidia huyo. Itamaliza pesa tu, na kuvizoeza vijidudu vingine kushinda dawa. Kovu hilohilo huweza kuziba mirija, mama akakosa mtoto au mimba ikatunga nje ya kizazi, na hiyo ni hatari kubwa.

MAUMIVU YANAYOFUATA MWEZI

Chanzo kingine kinaitwa endometriosi. Jina ni gumu lakini lijifunzeni, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika wanawake 10 wa umri wa kuzaa mmoja anayo. Ni hivi: ndani ya kizazi kuna utando unaoota kila mwezi na kutoka kama hedhi. Kwa wanawake hawa, nyama inayofanana na utando huo huota nje ya kizazi, juu ya kokwa za mayai au karibu na utumbo. Mwezi ukifika nayo huvimba na kutoa damu, lakini damu hiyo haina njia ya kutokea. Uchungu huanza hata kabla ya hedhi, na wengine huumia wakienda choo kubwa siku hizo. Wengine huchelewa kupata mimba.

Huyu ndiye msichana anayekosa shule siku mbili tatu kila mwezi, na mwalimu anaandika kwamba ni mvivu. Hedhi ya kuuma kidogo siku ya kwanza ni kawaida. Hedhi inayomlaza binti chini akitapika, akishindwa kwenda darasani mwezi baada ya mwezi, si kawaida, na kumwambia kwamba akiolewa atapona si matibabu.

Kwa uchungu wa namna hii, dawa kama ibuprofeni husaidia kuliko kungoja mpaka mtu alie. Mama mzima humeza miligramu 400 baada ya chakula, mara tatu kwa siku, kwa siku mbili tatu, akianza mara tu dalili zinapoonekana. Asiimeze mwenye mimba, mwenye vidonda vya tumbo au mwenye ugonjwa wa figo, na mwenye pumu aulize kwanza. Isiposaidia, daktari anaweza kutoa vidonge au sindano zilezile za kupanga uzazi, kwa sababu hupunguza au kusimamisha hedhi. Hapa ndipo tumeulizwa maswali makali: binti wa shule apewe dawa ya kupanga uzazi? Jibu letu ni kwamba hapo anatibiwa ugonjwa. Mzazi aende naye, amsikilize daktari, aulize yote anayotaka kuuliza. Kumficha binti nyumbani na jerikeni ya maji moto hakutatui neno.

Vyanzo vingine tutavitaja haraka. Kuna uvimbe kwenye kizazi, unaoleta hedhi nzito na tumbo kujaa. Kuna kibofu kinachouma, choo kigumu cha siku nyingi, kifua kikuu kilichoshuka kwenye kizazi, na kizazi kushuka baada ya kuzaa. Mama aliyekulia Pwani amwambie daktari hivyo, maana kichocho cha huko hushambulia hata viungo vya uzazi. Na kwa ndugu zetu wa upande wa Mlima Elgon na Pokot, ukeketaji, ambao sheria ya mwaka 2011 inaukataza kabisa, umewaachia baadhi ya mama maumivu wanayoishi nayo mpaka leo.

MBWA WA BOMA

Wako mama ambao wamepimwa, hakuna kidonda wala uvimbe uliopatikana, na bado wanaumwa. Wanaambiwa ni mawazo. Si kweli kwamba wanajitungia. Neva ni kama mbwa wa boma. Mwizi akiingia mara moja, mbwa hubweka sawasawa. Lakini mwizi akiingia mara nyingi, mbwa huanza kubweka hata upepo ukitikisa mahindi. Mwili ulioumia muda mrefu hufanya vivyo hivyo, kengele inaendelea kulia hata baada ya jeraha kupona. Misuli ya nyonga nayo hujikaza siku nzima na kuongeza uchungu.

Hofu na huzuni humfanya mbwa huyo awe mkali zaidi. Kule Mlima Elgon, katika mapigano ya mwaka 2006 hadi 2008, wako wanawake waliotendewa ukatili ambao hawajausema mahali popote, na mwili hauna haraka ya kusahau. Wengine ukatili uko nyumbani kwao hata sasa. Mwenye kufanyiwa hivyo anaweza kupiga simu 1195 bila malipo, na aliyebakwa afike hospitali kabla ya saa 72 kupita ili apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi.

Kwa maumivu ya neva, daktari anaweza kutoa dawa ya kutuliza neva kwa kipimo kidogo usiku, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamfundisha mama kulegeza misuli. Nyumbani, chupa ya maji moto iliyofungwa kwa leso husaidia, na pia kutembea kila siku, mboga za majani, na kupumua polepole tumbo likipanda na kushuka. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20. Watu wawili wakichota lita 10 kila mmoja, maji ni yaleyale.

KALENDA YA UKUTANI

Yule mama wa kuku saba tulimwomba jambo moja kabla ya kutumia pesa tena. Achukue kalenda ya ukutani, zile za bure za duka la mbegu, na kila siku aandike: maumivu ni kidogo, wastani au makali, hedhi imekuja au la, ameumia wakati wa tendo la ndoa, kukojoa au kwenda choo, ameshindwa kazi gani. Afanye hivyo miezi mitatu, kisha aende nayo hospitalini. Alikunja kalenda akaipeleka. Mganga alipoona uchungu umeandikwa karibu kila siku, hasa baada ya kubeba mzigo na baada ya kukutana na mumewe, hakusema tena neno taifodi. Alimpima.

Anzia zahanati au kituo cha afya, kisha uombe barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitale au Bungoma, na mambo yakizidi hapo ni Moi, Eldoret. Uliza: Je, mtanipima mkojo na mimba? Mtanipima ndani? Nahitaji skani? Na ujue kwamba skani ikisema hakuna kitu, hilo halifungi mashauri, kwa sababu endometriosi mara nyingi haionekani kwenye skani ya kawaida. Mwenye miaka 25 hadi 49 aombe pia kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Ndiyo ya pili kwa wingi kwa wanawake wa Kenya baada ya ile ya matiti, na ikikutwa mapema hutibika.

Kuna maumivu yasiyongoja kalenda. Uchungu wa ghafla kwa mama aliyekosa hedhi, kuzimia, homa kali na kutapika, damu baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma kwa umri: huyo aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Vikundi mnaweza kufanya mengi hapa. Kikundi kimoja kimetenga sehemu ndogo ya mchango wa kila wiki iwe nauli ya mgonjwa na ya mwenzake wa kumsindikiza. Huyo wa kusindikiza ana kazi, maana mama akiwa peke yake husahau nusu ya aliyotaka kusema. Hakikisheni pia kila mwanachama amejiandikisha SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Mnabonyeza *147# kwenye simu. Na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu mwalikeni mkutanoni, siku moja akutane na akina mama peke yao na siku nyingine na akina baba.

Walioandika kutuuliza juu ya kizazi kushuka, barua zenu tumezipata. Tutazijibu katika toleo lijalo, pamoja na mazoezi yake.