Ampli ya gitaa yenye chaneli mbili: anza na saa sita

Msikilizaji wetu mmoja wa Makambako, mpiga gitaa wa kwaya, ametutumia ujumbe. Kwaya imechanga mwaka mzima, ikanunua ampli ya gitaa yenye chaneli mbili, na sasa wazee wanasema inapiga kelele tu. Maneno ya wimbo hayasikiki. Wapo wanaotaka irudishwe dukani, na wapo wanaosema gitaa liachwe, kibaki kinanda peke yake.

Kabla ya kufika huko, tuielewe kwanza. Mara nyingi ampli kama hiyo ni nzima kabisa, ila imepangwa vibaya. Kuipanga hakuhitaji fundi kutoka Njombe mjini. Kunahitaji masikio, subira na nusu saa ya mazoezi.

Chaneli ni nini hasa?

Kwenye miksa ya kanisani au ukumbini, kila chaneli ina mtu wake: maiki ya kiongozi, maiki ya sauti ya nne, kinanda. Kwenye ampli ya gitaa ni tofauti. Gitaa ni lile lile moja, na chaneli ni njia mbili za kulipitisha. Njia ya kwanza ni safi, nyuzi zinasikika kama zilivyo. Njia ya pili inakwaruza, ile sauti ya muziki wa roki ambayo wapigaji huiita distosheni. Unahama kutoka moja kwenda nyingine kwa batani au kwa swichi ya mguu.

Usitumie ampli hiyo kuchomekea maiki na kinanda pamoja na gitaa. Spika yake imetengenezwa kwa ajili ya gitaa, na sauti ya mtu ikipita humo hutoka imebanwa kama ya simu.

Sauti mbili zinazochanganya watu

Nobu iliyoandikwa Gain ndiyo inayowaponza wengi. Wanadhani ni ya kuongeza sauti, wanaizungusha mpaka mwisho. Geini huamua gitaa liingie na nguvu kiasi gani mwanzoni mwa ampli. Ikizidi, sauti hujaa hadi kupasuka, na hapo ndipo mkwaruzo unapoanza. Nobu ya Volume au Master ndiyo inayoamua sauti itoke kwa ukubwa gani kwenye spika.

Fikiria bomba na mfereji. Ukifungulia bomba kupita uwezo wa mfereji, maji hayafiki shambani haraka zaidi, yanamwagika kandoni. Geini ikizidi ni vivyo hivyo: unapata mvumo, mluzi na ukwaruzo, lakini waumini wa benchi la nyuma bado hawalisikii gitaa vizuri.

Panga hivi, hatua kwa hatua

Tutatumia uso wa saa. Nobu ikitazama juu kabisa tunasema saa sita, ikilala kushoto ni saa tatu, ikilala kulia ni saa tisa. Ukitazama video za Kiingereza na ukasikia wanataja kumi na mbili, hiyo ndiyo saa sita yetu.

Kwanza, chagua chaneli safi. Weka besi, midi na trebo zote saa sita. Geini iwe chini, saa tatu hivi. Volyumu iwe sifuri, kisha ipandishe polepole.

Pili, piga nyuzi zote kwa nguvu kama unavyopiga siku ya ibada. Pandisha geini hadi uanze kusikia mkwaruzo, kisha irudishe nyuma kidogo. Hapo umepata mahali pake.

Tatu, gusa nobu moja tu kwa wakati. Ukizungusha tatu kwa pamoja hutajua ipi imeharibu na ipi imetengeneza.

Nne, sasa nenda chaneli ya pili. Weka geini karibu saa sita, halafu linganisha volyumu yake na ile ya chaneli safi. Hama huku na huku mara kadhaa. Kama unataka kuitumia kwa solo, iwe juu kidogo tu. Kosa la kawaida ni chaneli ya pili kuruka ghafla na kuwashtua watu katikati ya ubeti.

Usipange ukiwa peke yako

Hapa ndipo penye siri yenyewe. Ukiwa peke yako chumbani, utapenda besi nyingi, trebo nyingi na midi kidogo. Sauti itakuwa tamu. Lakini bendi yote ikianza, gitaa linapotea. Besi yako imegongana na gitaa la besi na ngoma, trebo imegongana na matoazi, na midi, ambayo ndiyo nafasi halisi ya gitaa, umeiondoa mwenyewe.

Kwa hiyo panga upya wenzako wote wakipiga. Punguza besi hadi saa tatu au nne. Iache midi ilipo, au ipandishe kidogo. Kama maneno ya waimbaji yanamezwa, shusha volyumu na geini kwanza kabla ya kulaumu maiki.

Sikiliza rekodi za zamani za Morogoro Jazz Band, Mbaraka Mwinshehe akipiga solo, au za Mlimani Park Orchestra, zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Solo, ridhimu na besi vinapiga kwa pamoja, na bado unasikia kila kimoja na kila neno la mwimbaji. Kila gitaa limekaa mahali pake.

Iinue kutoka sakafuni

Spika ya gitaa hurusha sauti kali mbele moja kwa moja, kama tochi. Ikiwa sakafuni nyuma yako, inamulika magoti yako. Wewe unasikia sauti nzito, unaongeza trebo, na mama aliyeketi benchi la mbele anaziba masikio. Iweke juu ya kiti imara au iegemeze itazame juu. Kisha mwombe mwenzako apige, nawe uende ukasikilize katikati ya kanisa na nyuma kabisa.

Umeme si wa kufanyia majaribio

Kabla ya kuwasha ampli ya mtumba, soma maandishi ya nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Iliyoandikwa volti 100 au 120, kama za Japani na Marekani, itaungua ukiichomeka bila transfoma ya kushusha umeme.

Wengine hukata waya wa athi au kuvunja pini ile ndefu ya plagi ili kuondoa mvumo. Usifanye hivyo. Waya huo ndio unaokulinda hitilafu ikitokea, kwa sababu mikono yako iko kwenye nyuzi za chuma na midomo iko kwenye maiki. Mvumo utafutwe kwenye waya wa gitaa, kwenye geini iliyozidi au kwenye soketi.

Mkishapata sauti mnayoipenda, piga picha ya nobu zote kwa simu. Atakayeizungusha katikati ya wiki hatawasumbua Jumapili.

Na kwa msikilizaji wetu wa Makambako: kabla kamati haijakaa kuamua juu ya ampli, omba jioni moja ya mazoezi na kwaya nzima. Waalike na wale wazee, waketi benchi la nyuma. Wakisikia maneno ya wimbo, ampli itabaki.