Si Kila Maumivu ya Tumbo ni Vidonda: Fahamu Uvimbe wa Kongosho

Wakazi wengi wa Kabiro, Kawangware na Kibera wakiumwa na tumbo juu ya kitovu hununua dawa za vidonda vya tumbo. Wengi hupata nafuu. Lakini maumivu yasiyoisha huenda yanatoka kwenye kongosho, kiungo kilicho nyuma ya mfuko wa chakula, kinachotengeneza insulini na maji ya kusaga chakula.

Aina za uvimbe

Kongosho linaweza kuota uvimbe uliojaa maji. Aina moja hutokea baada ya kongosho kuumia kwa pombe, mawe ya nyongo au kupigwa tumboni. Hiyo si saratani, na mara nyingi hunywea yenyewe. Aina nyingine ina ute mzito, huwapata zaidi wanawake wa makamo, na inaweza kugeuka saratani. Ndiyo maana daktari huagiza picha ya CT kwanza: uvimbe wa ute ukitolewa maji tu, mzizi hubaki.

Madhara yasiyotarajiwa

Uvimbe ukibana mrija wa nyongo, macho huwa manjano. Ukiziba mshipa wa damu wa wengu, mishipa ya mfuko wa chakula hutuna na inaweza kupasuka, mgonjwa akatapika damu. Hapo ni rahisi kudhani ni vidonda vya tumbo. Uvimbe pia unaweza kutunga usaha au kupasuka.

Upasuaji

Uvimbe ulio mkiani mwa kongosho hukatwa pamoja na sehemu hiyo, wakati mwingine na wengu. Ulio kichwani huhitaji upasuaji mkubwa zaidi, unaogusa mrija wa nyongo na utumbo mwembamba. Baadaye kongosho linaweza kuvuja, na wengine hupata kisukari. Aliyeondolewa wengu huhitaji chanjo za nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kwake, homa yoyote ni dharura.

Pa kuanzia

Mwenye maumivu yanayorudi, uvimbe tumboni au anayekonda bila sababu aanzie kituo cha afya cha karibu, apewe rufaa ikihitajika, kwa mfano Hospitali ya Mbagathi au Hospitali Kuu ya Kenyatta. Anayetapika damu, kupata choo cheusi kama lami au macho ya manjano apelekwe hospitali mara moja. Ambao hawajajisajili na SHA wanaweza kupiga *147#.