Je, Wajua? Ndege za Vita Zilizoruka Mafia

Wapenzi wa filamu za vita wanaijua The Dam Busters ya 1955: ndege 19 za Uingereza, mabwawa ya Ujerumani, usiku mmoja wa Mei 1943. Nane hazikurudi. Je, wajua kwamba miaka 28 kabla ya usiku ule, marubani wa Uingereza walikuwa wakiruka kutoka kisiwa cha Mafia kuwinda shabaha moja tu?

Shabaha yenyewe ilikuwa Königsberg, manowari ya Kijerumani. Tarehe 20 Septemba 1914 iliipiga Pegasus, meli ya Waingereza, bandarini Unguja, ikazama. Kisha ikajichimbia kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, mashine zake zikiwa taabani.

Je, wajua vipuri vyake vilikokotwa na wapagazi hadi karakana ya Dar es Salaam na kurudishwa? Nahodha wake, Max Looff, anatajwa kila mahali. Wapagazi, hata mmoja hatajwi.

Rubani wa kwanza kuisaka alikuwa Dennis Cutler, Novemba 1914, akiruka kutoka kisiwa cha Nyororo, jirani na Mafia, kwa ndege ya kiraia iliyotolewa Durban. Mwezi uliofuata Wajerumani wakamkamata.

Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia yenyewe. Zikaletwa ndege za Sopwith za kutua majini, lakini kwa joto lile, zikipakiwa mabomu hazinyanyuki. Gundi ililegea, mbao zikapinda. Jua la Mafia halikujali bendera.

Je, wajua meli zilizoimaliza Königsberg hazikuundwa kwa ajili ya Rufiji? Severn na Mersey, zenye kina kifupi, ziliagizwa na Brazil kwa mto Amazon. Vita vilipoanza Uingereza ikazichukua, zikavutwa kutoka Malta.

Mabomu ya ndege hayakuizamisha manowari hiyo. Macho ya ndege ndiyo yaliyoiponza. Tarehe 11 Julai 1915 rubani John Cull na mwenzake Harwood Arnold walizunguka juu ya delta, Arnold akiwaeleza wapiga mizinga wa meli hizo kwa redio kombora limeangukia wapi. Ndege yao ikapigwa, injini ikazima. Wakishuka kuelekea mtoni, Arnold bado anatuma ishara za kurekebisha shabaha! Ndege ilipinduka majini, wote wawili wakapona. Siku hiyohiyo Wajerumani waliilipua manowari yao wenyewe.

Sinema ya kisa hiki ipo: Shout at the Devil ya 1976, na Roger Moore na Lee Marvin. Humo meli inaitwa Blücher na inalipuliwa kwa bomu lililofichwa ndani. Ilipigwa Malta na Afrika Kusini, kwa hiyo usiitafute mikoko ya Rufiji. Kwangu mimi, Arnold na redio yake ni hadithi bora kuliko bomu lile.

Na mizinga 10 ya Königsberg? Wajerumani waliitoa majini, wakapigana nayo nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Jirani yake umesimama mzinga wa Pegasus.