Uhawilishaji wa Maarifa ya Kategoria kutoka Mguso hadi Uoni

Makala hii inafafanua namna maarifa ya kategoria yaliyopatikana kupitia mlango mmoja wa fahamu yanavyotumika kupitia mlango mwingine. Kategoria, kwa maana ya makala hii, ni kundi la vitu linalotambulika kwa sifa zake za pamoja. Kwa mfano, aliyejifunza kutofautisha kikombe na bakuli kwa kupapasa gizani hutarajiwa kuvitofautisha kwa macho kunapokucha.

Matarajio hayo yalihojiwa zamani. Mwaka 1688, William Molyneux wa Dublin alimwandikia John Locke kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, ambaye amejifunza kutofautisha tufe na mchemraba kwa mguso. Je, akipata kuona, atavitambua kwa kuvitazama tu? Locke, katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu fahamu ya binadamu (1694), alijibu kwamba hataweza.

Mwaka 2011, Richard Held, Pawan Sinha na wenzao walichapisha matokeo ya watoto watano wa India, wenye umri wa miaka 8 hadi 17, waliofanyiwa upasuaji wa macho baada ya kuishi na upofu tangu kuzaliwa. Muda mfupi baada ya upasuaji, watoto hao walilinganisha vyema maumbo waliyoyaona na mengine waliyoyaona, na vilevile waliyoyagusa na mengine waliyoyagusa. Walipotakiwa kutambua kwa macho umbo walilolipapasa, walikaribia kubahatisha. Hata hivyo, waliopimwa tena baada ya siku chache walionesha maendeleo makubwa.

Kwa upande mwingine, Ilker Yildirim na Robert Jacobs (2013) waliwafunza watu wanaoona kategoria za vitu vigeni kwa mlango mmoja wa fahamu, kisha wakawapima kwa mwingine. Maarifa yalihawilika.

Matokeo haya hayapingani. Anayeona ameunganisha mkono na jicho tangu utotoni; kwa hiyo kategoria mpya hujengwa juu ya taswira ya umbo ambayo milango yote miwili huifikia. Aliyeanza kuona jana anazo taarifa za mguso, ila njia ya kuzifikia kwa macho haijajengwa. Kwa msingi huo, mtoto anayeshindwa jaribio la namna hii asihesabiwe kuwa na upungufu wa akili. Mtafiti hana budi kuupima kwanza kila mlango peke yake, na kubainisha siku zilizopita tangu upasuaji, kabla ya kutoa hitimisho.